Kuchagua SSD ya bei nafuu isiyokutia hasara: mwongozo wa fundi wa Mwanga, Kigoma

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kutoka Ujiji aliniwekea laptopu mezani akasema, "Fundi, hii nikiiwasha naenda kunywa chai, nikirudi bado inazunguka." Hakutia chumvi. Niliipima kwa saa ya simu, ikachukua dakika 4 na nusu mpaka kukubali kufungua faili la Word. Baada ya kufungwa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, sekunde 20 na kidogo.

Kazi hii naifanya mara kwa mara hapa Mwanga, na kinachoniuma ni kuona mtu akilipia kasi ambayo mashine yake haiwezi kuipokea, au akinunua bandia kwa sababu ya bei. Mzigo wetu mwingi unatoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000. Ukishafika mbovu, kuurudisha ni gharama ya basi, siku za kusubiri na mabishano ya simu. Fanya uchunguzi kabla hujatuma hela.

Hatua ya 1: Hakikisha mkosaji ni diski

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye dirisha litakalofunguka, tazama safu ya Disk. Ikisoma asilimia 100 na wewe hujafungua kitu cha maana, umempata mkosaji. Lakini tazama na safu ya Memory, yaani RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mashine yenye RAM ya GB 2 haitaokolewa na SSD peke yake. Anza na RAM, angalau GB 4, na 8 ni bora zaidi.

Kumbuka pia kwamba Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kirasmi inazikataa karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Mashine kama hiyo bado inastahili SSD ya bei ya chini. Mimi huifungia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na inafanya kazi vizuri.

Hatua ya 2: Fungua mashine uone inapokea nini

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo usiwe na haraka. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha fungua mfuniko wa chini kwa bisibisi inayolingana na skrubu.

Ukikuta diski ya bati yenye upana wa inchi 2.5, mashine yako inapokea SSD ya umbo hilohilo inayotumia SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski. Unachomoa ile, unachomeka hii. SSD nyingi za aina hii zina unene wa milimita 7, na laptopu za zamani zilitengenezewa diski ya milimita 9.5, hivyo inaweza kucheza kidogo ndani. Fremu ndogo ya plastiki inatosha kuibana. Kwenye dekstopu, ulizia kebo ya SATA mapema, kwa kuwa mara nyingi boksi la SSD haliji nayo.

Ukikuta nafasi nyembamba yenye skrubu moja upande wa pili, hiyo ni M.2. Kipande kinachoingia huwa kama pakiti ya ubani, upana milimita 22 na urefu mara nyingi milimita 80, ndiyo maana kinaandikwa 2280. Sasa tazama kwa makini meno ya dhahabu. SSD ya M.2 inayotumia SATA kwa kawaida ina mapengo mawili. Ya NVMe, njia mpya na ya haraka zaidi, kwa kawaida ina moja. Lakini pengo kukubaliana na nafasi hakutoshi. Zipo laptopu ambazo nafasi yake ya M.2 inasoma SATA tu, na nyingine NVMe tu. Andika namba kamili ya modeli iliyo kwenye stika ya chini, kisha utafute kijitabu chake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Na usichanganye na nafasi ya kadi ya Wi-Fi: nayo ni M.2, ila ni fupi na ina nyaya mbili nyembamba zilizobanwa juu yake.

Hatua ya 3: Namba ya kasi isikupumbaze

Diski ya kuzunguka ya laptopu husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika kama 550. NVMe ya PCIe 3.0 hufika kama 3,500, na ya PCIe 4.0 kama 7,000 (PCIe ni njia ambayo data za NVMe hupitia, na namba ni toleo lake). Mtu akiziona namba hizo anadhani ya mwisho itawasha kompyuta mara 12 haraka kuliko SATA. Haiwi hivyo.

Windows ikiwaka inaokota maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika. Diski ya kuzunguka lazima isogeze mkono wake na kusubiri sahani ifike mahali pake, milisekunde 10 au zaidi kwa kila kifaili. SSD haina cha kusogeza. Kusubiri kwake ni sehemu ndogo ya milisekunde moja, iwe SATA au NVMe. Nafuu kubwa unaipata pale unapoiacha diski ya kuzunguka. Baada ya hapo, kwa barua, Excel, intaneti na filamu, hutaona tofauti ya kulipia.

Kwa hiyo mashine ikiwa na PCIe 3.0, SSD ya 4.0 itafanya kazi, ila kwa mwendo wa 3.0. Ziada hiyo ya hela iongeze kwenye ukubwa.

Hatua ya 4: Gawanya bei kwa gigabaiti

Tuseme ya GB 240 ni shilingi 60,000 na ya GB 480 ni 90,000. Ya kwanza ni shilingi 250 kwa gigabaiti, ya pili haizidi 188. Mimi kwa nyumbani napendekeza 480 au 500. GB 240 inajaa mapema, na SSD iliyojaa inapungua kasi; bakiza kama asilimia 15 wazi.

Hatua ya 5: Soma kilichomo ndani

Tafuta TLC, yaani biti 3 katika kila seli (kijichumba cha kuhifadhia data), badala ya QLC yenye 4. QLC ikinakili mzigo mkubwa mfululizo, sehemu yake ndogo ya haraka inayopokea data kwanza ikijaa, mwendo unaweza kushuka mpaka wa diski ya zamani. Kwa kuhifadhia filamu inafaa, ila kama ndiyo diski yako pekee, lipa kidogo zaidi upate TLC.

TBW ni terabaiti zinazoweza kuandikwa ndani ya waranti. Crucial MX500 ya GB 500 imeandikiwa 180, Samsung 870 EVO ya GB 500 imeandikiwa 300. Ukiandika GB 20 kila siku, ni terabaiti 7.3 kwa mwaka, na 180 itakuchukua zaidi ya miaka 24. Usiongeze hela kwa ajili ya TBW. Angalia urefu wa waranti, miaka 3 au 5.

Hatua ya 6: Nunua bila kupigwa

TB 2 kwa bei ya GB 240 ni bandia, hakuna mjadala. Mteja aliwahi kuniletea SSD ya nje ya namna hiyo. Nilipoipasua nilikuta kadi ya memori ya simu imebandikwa kwa gundi, na picha zake za harusi zilizozidi ujazo halisi wa kadi hazikupatikana tena. Niliumia pamoja naye.

Dai risiti, dai picha ya stika yenye serial namba ya bidhaa, na kubaliana kwa maandishi kwenye WhatsApp muda wa kurudisha.

Hatua ya 7: Ipime kabla ya kuiamini

Programu ya CrystalDiskInfo itaonyesha saa ambazo SSD imekwishafanya kazi. Mpya iwe sifuri au karibu yake. Kisha endesha programu ya H2testw ijaze diski yote na kuisoma tena, wakati bado haina kitu chako. GB 500 kuonekana 465 ni kawaida, Windows inahesabu kwa njia nyingine. Ikipita, funga mfumo upya, na kwa dekstopu weka UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika katikati ya kuandika faili linaweza kuharibika.

Diski ya zamani usiitupe. Ya mwalimu nimeiweka kwenye kava la USB, na sasa inakaa kabatini na nakala za mitihani yake.