Kutazama na Kurekodi Ndege wa Kisumu: Kutoka Mafunjo ya Dunga Hadi Mpunga wa Ahero

Kupata orodha ndefu ya ndege Kisumu si kazi. Ziwa liko mlangoni, mashamba ya mpunga yako mwendo mfupi wa matatu, na hata penye soko la samaki utakuta korongo marabu wamejipanga wakisubiri matumbo yatupwe. Kazi ni kupata orodha unayoweza kuitetea: ndege yupi, saa ngapi, mahali gani hasa, na wangapi. Mwongozo huu ni wa siku moja, asubuhi Dunga na mchana Ahero. Ndivyo ninavyowatembeza wanaoanza.

Hatua ya 1: Chagua msimu kulingana na unachotafuta

Ndege wa mafunjo wapo mwaka mzima. Wale wanaotoka Ulaya na Asia, hasa vitwitwi wa matopeni, huanza kuonekana Agosti, hujaa kuanzia Oktoba hadi Machi, na Aprili wengi wao wameshaondoka. Wakati wa mvua ndipo kwera na jamaa zao huvaa rangi zao za kuvutia na kujenga viota, lakini Kisumu mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo jipange kumaliza mapema.

Kuhusu Ahero, usiangalie kalenda peke yake. Piga simu kwa mtu aliyeko huko, uulize mashamba yako hatua gani. Shamba lililolimwa na kujazwa maji hujaa ndege. Mpunga ukishasimama kijani kibichi, huwaficha. Ukivunwa, uwanja unafunguka tena.

Hatua ya 2: Vifaa

Darubini ya 8x42 inatosha. Nambari ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Zinazokuza mara kumi zina raha yake ukiwa umesimama nchi kavu, ila ndani ya mashua picha hucheza mno. Beba daftari dogo na penseli, kwa maana wino wa kalamu hauvumilii maji. Vaa gambuti, hasa Ahero, kwa sababu kichocho kipo kwenye maji ya ziwa na ya mifereji. Maji ya kunywa, kofia, nguo za rangi tulivu. Nyeupe iache nyumbani.

Kwenye simu, weka BirdLasser au eBird, programu za kurekodi na kutuma orodha za ndege, kabla hujatoka mjini.

Hatua ya 3: Ndani ya mafunjo, masikio kwanza

Fika Dunga kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linapochomoza. Bodaboda au tuktuk itakufikisha. Lipa kiingilio kinachotakiwa, kisha salimia watu. Wanaokata mafunjo na wavuvi wanaorudi na nyavu wanajua mambo ambayo hayamo kitabuni. Swali langu la kila mara ni hili: "Mzee, habari ya asubuhi? Leo wanakata upande gani?" Jibu lake linakuambia pa kwenda na pa kuepuka.

Mafunjo humzidi mtu kimo mara mbili, na yamesongamana. Ndege wake hawajitokezi ovyo. Tafuta mahali pa kusimama, nyamaza, simu iwe kimya, na dakika kumi za kwanza usiinue darubini kabisa.

Wa kwanza kumtafuta ni tiva wa mafunjo, ambaye wanasayansi humwita Laniarius mufumbiri. Haishi popote duniani isipokuwa kwenye mafunjo ya Afrika Mashariki na Kati, na kwa Kenya makao yake ni haya ya ukanda wa Ziwa Victoria. Utasikia dume akipiga mbinja nzito ya kurudiarudia, na papo hapo jike anaitikia kwa mkwaruzo, wakipokezana kwa kasi hata ukadhani ni ndege mmoja. Ukishajua sauti inatoka upande gani, usikodolee macho vichwa vya mafunjo. Tazama katikati na chini, kwenye mapengo kati ya mashina, na usubiri kitu chekundu kisogee.

Sasa ndipo pa kuwa makini. Kuna ndugu yake, tiva kichwa-cheusi, aliyejaa Kisumu yote mpaka kwenye miti ya uani, na pembezoni mwa mafunjo hao wawili hukaribiana. Wote wana mgongo mweusi na kifua chekundu cha kuwaka. Naye ndugu huyu huimba kwa kupokezana na mwenzi wake, kwa hiyo anayeanza asitegemee sauti peke yake. Angalia mambo matatu. Utosi: wa mafunjo una manjano, wa ndugu yake ni mweusi. Bawa: wa mafunjo ana mstari mweupe, mwenzake hana. Jicho: la wa mafunjo ni jeupe, la mwenzake ni la manjano. Utosi ndio rahisi kuliko yote. Kama umeona mgongo mweusi na tumbo jekundu kwa sekunde moja tu, andika "tiva, hakutambulika" uendelee. Mstari huo una heshima yake, na ni bora mara mia kuliko kubahatisha.

Usicheze sauti yake kwenye simu ili kumwita. Ndege anayetetea eneo lake huacha kula na kulisha makinda ili aje kumfukuza adui ambaye hayupo, na hapa Dunga wageni ni wengi. Jozi ileile inaweza kusumbuliwa kila asubuhi. Mimi nikiwa na mgeni anayetaka kufanya hivyo, namwomba aache.

Baada ya tiva, tega sikio na jicho kwa chiriku wa mafunjo, mdogo, wa manjano-kijani na michirizi, anayependa kutua juu ya vichwa vya mafunjo. Kuna pia ndege wadogo wa kahawia wanaofanana sana. Hao waachie siku nyingine ukiwa na mtu mzoefu.

Kabla hujaondoka, andika hali ya mafunjo yenyewe: yamesimama, yamekatwa, yamechomwa, au pamegeuzwa shamba. Mafunjo ya Dunga ni mikeka, vikapu na viti. Ni karo za shule. Sioni haki kumlaumu anayekata kwa mafungu na kuacha yachipuke. Yakichomwa na kulimwa moja kwa moja, hapo tiva hana pa kurudi. Maneno mawili ya hali ya mafunjo kando ya orodha yako yana faida kuliko ndege watano wa ziada, na watazamaji wengi huyasahau.

Hatua ya 4: Ufuo na maji wazi

Asubuhi ziwa huwa limetulia; upepo huanza kuvuma mchana. Kwa hiyo mashua ni mapema. Vaa jaketi la kuokoa maisha hata kama nahodha anakuambia si lazima, na mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba viboko mtawaona kwa mbali. Faida nyingine ya asubuhi: jua liko mashariki, nyuma yako unapotazama ziwani, na rangi zinaonekana sawasawa.

Mdiria mweusi na mweupe utamkuta kwenye nguzo, au amesimama hewani juu ya maji akipiga mabawa kabla ya kujitupa. Huyu ni wa kufanyia mazoezi: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike mmoja, nao umekatika katikati. Mnandi wako wa aina mbili; mdogo mwenye mkia mrefu na jicho jekundu, na mkubwa mwenye kifua cheupe. Furukombe atakutangulia kwa sauti.

Palipo na gugumaji, tafuta sile-maua, mwenye vidole virefu ajabu vinavyomwezesha kutembea juu ya majani bila kuzama. Ukimwona amechuchumaa huku miguu midogo ikining'inia chini ya mabawa yake, hiyo ni miguu ya makinda. Na huyo ni baba. Kwa ndege hawa dume ndiye anayeatamia, anayelea na kuwabeba watoto. Mkae mbali, mwache avuke.

Hatua ya 5: Ahero

Rudi mjini, panda matatu ya barabara ya Nairobi. Mashamba ya mpunga ya Ahero yako kwenye nyanda za Kano na hupata maji kutoka mto Nyando. Tafuta mkulima au msimamizi wa mfereji, jitambulishe, uombe ruhusa. Tembea juu ya tuta tu, wala usikanyage kitalu. Utakuta watu wakifukuza ndege wanaokula mpunga kwa kelele na manati. Ni chakula chao wanachokilinda, kwa hiyo usiwape somo.

Kazi kubwa ya Ahero ni yangeyange. Watu huandika "yangeyange wengi" na kupita, ilhali mbele yao kuna aina nne. Anza na miguu. Mguu mweusi wenye vidole vya manjano: yangeyange mdogo, mwenye domo jembamba jeusi. Mfupi, shingo nene, domo la manjano, anafuata ng'ombe au trekta: yangeyange wa ng'ombe. Waliobaki ni wawili warefu, mkubwa na wa kati, ambao huwatesa hata wazoefu. Kata shauri kwa pembe ya mdomo. Ule mstari mwembamba unaotoka mdomoni kwenda usoni, kwa yule mkubwa hupita nyuma ya jicho; kwa wa kati huishia chini ya jicho. Mngojee ageuze kichwa upande, umtazame mmoja kwa utulivu, kisha umlinganishe na jirani yake.

Korongo mweusi mwenye pengo katikati ya domo lililofungwa ni mla konokono. Kinda wake bado hana pengo, usikubali likuchanganye. Vitwitwi waandike unaowajua tu. Korongo taji akionekana, hesabu wakubwa na watoto kando. Tangu 2012 ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka, na kila jozi inayolea ni habari.

Jambo moja zito. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi zaidi, wawindaji wamewahi kutumia dawa kali ya wadudu kuua korongo na ndege wengine, kisha nyama ikauzwa. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa pamoja, au wanapepesuka, usiwaguse na usimruhusu mtu kuwachukua. Piga picha, andika mahali, wajulishe Shirika la Wanyamapori la Kenya siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Andika papo hapo

Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, umegawa nchi katika miraba ya kilomita tisa kwa tisa hivi. Kanuni yake: angalau saa mbili za kutazama kwa bidii ndani ya mraba mmoja, ndege wakiandikwa kwa utaratibu ulivyowaona, na orodha hiyo unaweza kuiongezea hadi siku tano. Dunga na Ahero ni miraba miwili tofauti. Usizichanganye kwenye orodha moja.

Andika mahali kwa vipimo vya GPS vya simu, si kwa jina pekee. Ufuo wenyewe huhama: mwaka 2020 ziwa lilipanda likafunika vibanda na nyumba. Kundi kubwa lihesabu kumi la kwanza, uone kumi hilo linachukua nafasi gani, kisha upime makumi mengine kwa macho.

Weka hata wa kawaida. Hadada na marabu wasipoandikwa leo, hakuna atakayejua kesho walianza kupungua lini.

Hatua ya 7: Tuma

Tuma orodha yako kwa programu uliyoweka, usiku huohuo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Picha za viota usiziweke hadharani pamoja na mahali vilipo. Kwenye eBird, mhakiki anaweza kukuuliza kuhusu ndege fulani. Mjibu kwa ulichokiona: utosi, bawa, jicho, alikuwa umbali gani, mwanga ulitoka wapi. Usipoweza kujibu, mtoe ndege huyo na uache orodha iliyobaki ilivyo.