AI kwenye biashara ya dagaa: jinsi ninavyoitumia kwa simu tu

Naulizwa sana AI (akili bandia, zile programu unaziandikia nazo zinakujibu, kama ChatGPT) inamsaidia nini mtu kama mimi, maana kazi yangu ni kununua dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kuchambua nyumbani, kupaki robo kilo na kutuma Dodoma na Dar kwa basi. Sio mambo makubwa jamani. Inanifanyia zile kazi za kalamu na daftari ambazo zamani nilikuwa nazifanya saa nne usiku macho yanafumba. Kuonja dagaa na kubishana na dalali bado ni mimi.

Kulipia hamna haja. ChatGPT imetoka Novemba 2022 na ya bure ipo, Gemini ya Google nayo ya bure ipo, chagua moja uizoee, bando la kawaida linatosha.

Sasa kabla hujaiuliza chochote ielezee biashara yako kama unavyomwelekeza binti mpya wa dukani siku ya kwanza, hapa ndo wengi wanafeli, mtu anaandika "nitungie tangazo la dagaa" alafu analalamika kaletewa maneno kama ya hotuba. Mi maelezo yangu nimeyasevu kwenye simu, kila nikianza nakopi napesti:

"Nauza dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, wamechambuliwa. Pakti gramu 250. Wateja ni akina mama wa mjini na mama ntilie. Mzigo unatoka stendi ya Nyegezi, nauli analipa mteja. Andika kwa kifupi, Kiswahili cha kawaida, usiahidi kitu ambacho sijakuandikia."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Mara ya kwanza niliomba maneno ya stika, ikaniandikia vizuri kweli afu kule chini ikachomeka "imethibitishwa na TBS", yani shirika la viwango. Mi hata fomu sijajaza! Ni yule dogo wa steshenari aliyeniokoa, kaniuliza dada namba ya cheti niiweke wapi, ndo nikashtuka.

Penye faida hasa ni kwenye gharama. Tuchukue namba za mfano, maana bei ya mwaloni hailali palepale. Umenunua kilo 50 kwa 6,000, hiyo 300,000. Bodaboda na mbebaji 7,000, wachambuaji 20,000, mfuko na stika 200 kwa kila pakti. Ukiiambia ipige hivyo hivyo itakuletea pakti 200, kila moja imekugharimu 1,835, unauza 2,000 unajiona umeula. Lakini dagaa walioanikwa chini wanakuja na mchanga, na vichwa vilivyovunjika, na wale waliosagika, na AI haijawahi kushika chekeche. Mi napima uchafu wote kwenye mzani kabla ya kumwaga. Tuseme umetoka kilo 6, zimebaki 44, hizo ni pakti 176, rudia hesabu na pakti moja inasimama kwenye 2,058. Yani kwa ile 2,000 unamlipa mteja shilingi 58 aje akule dagaa wako. Kwaiyo ipe AI namba zako za mzani, na iambie ionyeshe hesabu hatua kwa hatua ili na wewe uzipitie kwa kikokotoo.

Daftari la madeni nalipiga picha naomba linyooshwe kwenye jedwali. Inasaidia ila mwandiko wangu 1 na 7 ni mapacha, lazima nikague. Na majina ya watu naziba kwa karatasi kabla ya kupiga, naandika M1, M2, namba za simu ndo kabisa siweki, kwanza sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo na imeanza kufanya kazi Mei 2023, pili we ungefurahi deni lako lizunguke?

Majibu ya WhatsApp naiachia itunge, nayasevu kwenye WhatsApp Business kama majibu ya haraka: bei, nauli, mzigo unafika lini. Kutuma natuma mwenyewe. Voisi za wateja ikizigeuza maandishi iko poa kwa Kiswahili, ila mama mmoja wa Magu akianza na "mwangaluka" alafu akaendelea na Kisukuma chake inaleta vituko, hizo nasikiliza mwenyewe.

Jambo lingine ni mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua bei inapanda. Iombe ikupangie ratiba ya meseji za mwezi mzima, ila tarehe za mwezi mpevu hakikisha kwenye kalenda au muulize mvuvi. Mi siku tano kabla natuma hii:

"Dada shikamoo, wiki ijayo giza linaisha, dagaa wataadimika. Nikuwekee pakti ngapi kwa bei ya leo?"

Ile "shikamoo" nimeiongeza mwenyewe, yenyewe ilikuwa imeandika "mteja mpendwa".