Mara ya kwanza Dar? Anzia Feri

Wageni wengi wa Dar hukimbilia Kariakoo kununua nguo, wakarudi kwao na mifuko tu. Nenda, lakini siku ya pili, na simu iwe mfuko wa mbele.

Siku ya kwanza amka mapema, panda mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni, kituo cha mwisho. Ukishuka, soko la samaki la Feri liko jirani. Fika kabla jua halijakali, wakati mnada umepamba moto: mnadi anapaza bei, kina mama wanaokaanga samaki wanapandisha kwa kidole tu. Usivae viatu vyeupe. Mimi nilivaa, vikarudi na magamba hadi kwenye kamba.

Kisha vuka na pantoni hadi Kigamboni, hata kama huna shughuli huko. Simama pembeni, siyo ndani, ugeuke nyuma: mnara wa kanisa la Mtakatifu Joseph unaonekana katikati ya maghorofa. Safari ni dakika chache.

Jioni malizia Coco Beach kwa mihogo ya kukaanga na kachumbari. Pilipili uombe pembeni, wanamimina bila huruma.