Kabla mwanao hajachomwa sindano ya uvimbe wa mishipa

Mama mwenzangu, ukiambiwa uvimbe wa mtoto ni wa mishipa ya damu na unaweza kuchomwa sindano badala ya kupasuliwa, usikatae, ila usiende kichwakichwa.

Kwanza ujulikane ni uvimbe gani. Ule mwekundu unaotokea wiki za mwanzo za uchanga mara nyingi unanywea wenyewe, na ukisumbua kuna dawa ya kunywa iitwayo propranololi, madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliitangaza 2008. Wa sindano zaidi ni ule wa bluu, laini, unaojaa mtoto akilia au akiinama. Ukiugusa unadunda? Hakuna kuchoma mpaka apigwe ultrasaundi ya Doppler, kile kipimo kinachoonyesha damu inavyopita.

Sindano sio moja, zinapishana wiki kadhaa, nauli upange. Akipigwa nusu kaputi asile masaa waliyokwambia.

Na uliza JINA LA DAWA. Wangu alikuwa na miaka minne, uvimbe mdomo wa chini, akachomwa bleomaisini na hakuna aliyenigusia habari ya ngozi. Usiku ule mbu wakamng'ata, akajikuna mgongo na mimi mwenyewe namsaidia kumkuna ili alale, asubuhi nesi akabandua plasta ya kanula, kile kimrija cha dawa mkononi, kwa kuivuta tu. Haikupita wiki mbili mgongo una mistari myeusi kama kachapwa fimbo, na mkononi alama ya mraba, ukubwa wa ile plasta kabisa. Mwalimu wa chekechea akaniita pembeni, mama Neema nani anampiga huyu mtoto? Nililia njia nzima. Kliniki iliyofuata daktari mwingine ndo ananieleza, dawa hiyo ikiwa bado mwilini ngozi ikikwaruzwa au ikivutwa inaacha weusi wa miezi, kwahiyo siku mbili za mwanzo hakuna kukuna, hakuna kubandua plasta, kanula wafunge kwa bandeji. Raundi zilizofuata nilimkata kucha, nikamvalisha soksi mikononi, neti, dodoki nikalificha. Hakutoka mstari hata mmoja, na mdomo sasa unafunga vizuri.

Jina la dawa na kipimo viandikwe kwenye kadi, siku akipasuliwa kwa lolote daktari wa usingizi aambiwe, maana aliyepata bleomaisini oksijeni nyingi inaweza kumuumiza mapafu. Uvimbe utaongezeka siku za kwanza, usishtuke, ila kama ni ulimi au shingo na anakoroma au anahema kwa shida rudi hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Usiukande. Usipake dawa ya jirani.