Mpira wa pete kwa wasichana wa Lubumbashi: fundisha miguu kwanza

Msichana anayetoka basketi huja na mikono mizuri na miguu yenye mazoea mabaya. Anadaka vizuri, anapasi kwa nguvu, lakini akishaushika mpira anataka kuudunda na kukimbia nao, jambo ambalo mpira wa pete haulikubali hata kidogo. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, watoto wanaukuta mchezo huu shuleni tangu wadogo. Huku kwetu kocha anaanza na watoto ambao mazoea yao ni ya mchezo mwingine. Kwa hiyo usianze na kufunga. Anza na kutua.

Uwanja kwanza. Vipimo kamili ni mita 30.5 kwa 15.25, umegawanywa sehemu tatu zilizo sawa. Uwanja wa basketi una mita 28 kwa 15, kwa hiyo ukiongeza mita 1.25 kila mwisho na kusogeza mistari ya pembeni kidogo tu, umepata wa mpira wa pete. Chora kwa chokaa. Mbele ya kila goli chora nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 4.9, na katikati ya uwanja duara dogo la kipenyo cha sentimita 90. Uwanja wa udongo mwekundu ufagiliwe changarawe kabla ya kila zoezi, na wakati wa kiangazi unyunyiziwe maji kidogo. Changarawe ndizo zinazotegua vifundo vya miguu mtoto anaposimama ghafla.

Mlingoti ni bomba la kipenyo cha milimita 65 hadi 100, na pete inakaa mita 3.05 kutoka chini, urefu uleule wa basketi. Hapo ndipo mafundi wa kuchomelea wanapochanganya: wanakunja pete ya sentimita 45 kwa sababu ndiyo wanayoijua. Ya kwetu ni sentimita 38 kwa ndani, haina ubao nyuma yake, na imeshikwa na mkono wa chuma wa sentimita 15 unaoitenga na mlingoti. Mpe fundi vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi. Kwa watoto chini ya miaka 11 teremsha pete hadi mita 2.75 hivi, na utumie mpira namba 4. Wakubwa wanatumia namba 5.

Sasa miguu. Sheria yenyewe ni hii: mguu wa kwanza kugusa chini baada ya kudaka ndio mguu wa kutua. Ule mwingine unaweza kupiga hatua popote, mara yoyote, huku mchezaji akizunguka juu ya mguu wa kutua. Mguu wa kutua unaweza kuinuliwa, lakini mpira lazima uwe umetoka mkononi kabla haujarudi chini. Kuuburuta au kurukaruka juu yake ni kosa. Ukitua kwa miguu yote miwili pamoja, unachagua: unaousogeza kwanza uko huru, unaobaki ndio wa kutua.

Fundisha bila mpira kwa dakika kumi. Watoto wakimbie mita tano, filimbi ilie, watue na kuganda kwa sekunde mbili, kila mmoja akitaja kwa sauti mguu aliotua nao: "kulia!" au "kushoto!" Wewe piga magoti pembeni uangalie magoti yao. Goti likunjwe na lielekee kule vidole vinakoelekea. Likiingia ndani, msimamishe mtoto palepale, mrekebishe, arudie polepole. Goti linaloingia ndani kila anapotua ndilo linaloumia. Usilipite eti kwa kuwa mtoto ana kasi.

Kisha leta mpira. Wawili wawili, mita nne kati yao, pasi ya kifuani. Anayepokea aufuate mpira, asiusubiri. Hesabu "moja, mbili" kwa sauti, maana sekunde tatu ndizo ukomo na mtoto mgeni anazimaliza akitafuta pa kudunda. Wakizoea, ongeza umbali hadi mita saba na wapasi kutoka begani.

Ulinzi ndio unaoleta filimbi nyingi. Anayemlinda mwenye mpira lazima awe mbali naye sentimita 90, na kipimo kinaanzia kwenye mguu wa kutua wa mwenye mpira, hata kama ameshauinua. Kata kijiti cha sentimita 90, kiweke chini kati yao, mlinzi ainue mikono juu akiwa nyuma ya kijiti. Utaona kosa mara moja: anainama mbele kuufikia mpira, uzito unamvuta, mguu unavuka kijiti. Mwambie aanze akiwa mbali hatua nzima, ndipo anyooshe mikono.

Kosa la kukaribia au kugusana huadhibiwa kwa pasi ya adhabu. Aliyekosea anasimama kando ya mpigaji bila kuingilia mchezo mpaka mpira utoke. Likitokea ndani ya nusu duara, GS (Goal Shooter) au GA (Goal Attack), wafungaji wa timu, anaweza kuchagua kufunga.

Wafungaji ni hao wawili tu, na lazima wawe ndani ya nusu duara kabisa. Kwa kuwa hakuna ubao, mpira wa kasi na wa chini utagonga chuma na kuruka. Mfungaji afundishwe kuanzia mita moja na nusu, mpira juu ya kichwa, magoti yakunjwe, vidole viusukume juu uangukie katikati ya pete.

Kuhusu maeneo, andika herufi za nafasi ya kila mchezaji kwenye fulana na utembee na watoto mistari yote. C (Centre, wa katikati) anakwenda kote isipokuwa kwenye nusu duara mbili. WA (Wing Attack) na WD (Wing Defence) hawaingii humo pia, na mstari wa nusu duara ni sehemu yake: kuukanyaga tu ni kosa. Mpira nao haurushwi kuvuka theluthi nzima bila kuguswa na mchezaji ndani yake. GK (Goal Keeper, mlinda goli) mwenye nguvu atalisahau hilo kila mara, kwa hiyo mpangie WD au C wa kumpokea katikati.

Pasi ya katikati huanzishwa na timu mbili kwa zamu, bila kujali nani aliyefunga. Isipokuwa C wawili, wote wakae nje ya theluthi ya kati mpaka filimbi, na mpira udakwe au uguswe ndani yake.

Mechi rasmi ina robo nne za dakika 15. Kwa wanaoanza, robo za dakika nane zinatosha, na kila robo badilisha fulana, ili yule mrefu asifungiwe kwenye GK msimu mzima kabla hajajua kama anaweza kufunga.