Homa baada ya upasuaji wa ubongo: jinsi ya kuitafuta homa ya uti wa mgongo

Mwongozo huu nawaandikia maafisa tabibu, wauguzi na madaktari wachanga wa hospitali za kaunti huku magharibi mwa Kenya na kando ya Ziwa Viktoria. Mgonjwa hupasuliwa Kisumu au Eldoret, mara nyingi ni kijana aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda. Anarudi nyumbani Siaya, Busia au Homa Bay, joto linampanda, na jamaa zake wanamkimbiza hospitali iliyo karibu. Anayempokea ni wewe. Utakayofanya katika saa za mwanzo ndiyo yataamua kama ugonjwa utajulikana au tutabaki kubahatisha wiki nzima.

Hatua ya 1: Shuku mapema

Usingoje shingo ikakamae. Kwa mtu aliyeugua bila kupasuliwa, shingo ngumu ni ishara nzuri. Kwa aliyepasuliwa, shingo inaweza kuwa laini huku maji ya uti wa mgongo yamejaa bakteria. Inaweza pia kukakamaa bila bakteria yoyote, kwa sababu damu iliyobaki baada ya upasuaji inauwasha utando wa ubongo, hasa pale alipopasuliwa sehemu ya nyuma ya kichwa. Joto nalo hufichwa na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, ambayo baadhi yao huwa bado wanaimeza.

Mimi naanzia kwenye fahamu. Aliyekuwa akijibu vizuri na sasa anasinzia au anachanganya maneno, au alama zake za Glasgow (kipimo cha fahamu) zimeshuka hata kwa moja, huyo ni wa kuchunguzwa leo. Muulize anayemuuguza: "Mama, tangu juzi umeona nini kwa kijana?" Akisema, "Daktari, huyu si yule tuliyetoka naye hospitali," yaandike maneno hayo kwenye faili kama alivyoyasema. Yeye amemtazama usiku na mchana, wewe umemwona dakika kumi.

Hatua ya 2: Fungua bandeji

Tazama mshono wote: umevimba, umeachia, unatoa usaha au maji maangavu? Mwinamishe mbele kidogo uone kama puani kunadondoka maji. Maji ya ubongo, ndiyo hayohayo ya uti wa mgongo, yakivuja ni mlango wazi wa vijidudu, na kwangu uvujaji pamoja na homa unatosha kuanza uchunguzi. Kama ana shanti (mpira wa kutoa maji ya ubongo na kuyapeleka tumboni), ufuate kwa vidole kutoka kichwani, shingoni hadi tumboni. Wekundu juu ya mpira au tumbo linalouma ni dalili za kuchukuliwa kwa uzito.

Hatua ya 3: Malaria isikufunge macho

Pima malaria, ndiyo, hili ni eneo lake. Ila kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya malaria yenyewe kuisha, na mtu anaweza kuwa na yote mawili. Tibu malaria huku ukiendelea kutafuta. Kagua pia kifua, mkojo (hasa kama aliwekewa mpira), miguu kwa damu iliyoganda, na mahali palipokuwa na kanula.

Hatua ya 4: Sampuli kabla ya seftriaksoni

Hapa ndipo tunapopoteza wagonjwa wengi kiuchunguzi. Sindano ya antibiotiki seftriaksoni hutolewa mapokezi, na kesho yake maabara ikijaribu kuotesha bakteria haipati kitu. Chota damu ya kuotesha kwanza, kisha upange kuchota maji ya mgongoni.

Kabla ya kuchoma mgongo, jiulize kama ubongo uko chini ya shinikizo. Fahamu iliyoshuka, degedege, udhaifu wa upande mmoja au uvimbe uliobaki kichwani vinadai skani ya CT kwanza. Kama hakuna skani, usichome. Mgonjwa akiwa hoi au maji yakichelewa, chota damu, anza dawa, mpe rufaa. Maji ya kwenye shanti waachie waliomwekea.

Ukichota, gawa vichupa: cha kuhesabu chembe, cha sukari na protini, cha kuotesha. Pima sukari ya damu wakati huohuo. Peleka vichupa maabara mwenyewe ndani ya saa moja, na cha kuotesha kisiwekwe kwenye friji.

Hatua ya 5: Soma majibu yote pamoja

Sukari ya maji ya mgongoni ikiwa chini ya 2.2 mmol/L inatia shaka, lakini namba hiyo peke yake inadanganya. Tuseme maji yana 2.4. Inaonekana salama. Sukari ya damu ni 8, kwa sababu deksamethasoni imeipandisha. Gawanya 2.4 kwa 8: 0.3. Chini ya 0.4 ni ya kushukiwa.

Chembe nyeupe hupanda kwa sababu ya damu ya upasuaji. Kwa kila chembe nyekundu 500 hadi 1,000, ondoa nyeupe moja. Zikiwa nyekundu 50,000, tarajia nyeupe 50 hadi 100. Ukikuta 900, damu peke yake haielezi. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana damu iliyokaa siku kadhaa huvuta chembe nyeupe zaidi. Protini iliyopanda haina uzito mkubwa hapa. Lakteti (kemikali nyingine ya kwenye maji hayo), kama maabara yako inaipima, ikizidi 4 mmol/L inaelekeza kwenye bakteria.

Rangi ya Gram (ya kuonyesha bakteria kwenye hadubini) isipoonyesha kitu, usimwambie mgonjwa yuko salama. Mwenye virusi vya UKIMWI mpimie pia kriptokokasi (fangasi anayeshambulia ubongo) na kifua kikuu.

Hatua ya 6: Dawa, na kungoja

Vijidudu vya baada ya upasuaji ni Staphylococcus za ngozi na vile sugu vya wodini: Klebsiella, Pseudomonas, Acinetobacter. Ndiyo maana tunaanza na vankomisini pamoja na meropenemu, seftazidimu au sefepimu. Seftriaksoni peke yake haitoshi. Kama ndiyo pekee iliyopo, itoe baada ya sampuli huku rufaa ikiandaliwa.

Vichupa visipoota kitu kwa siku 2 hadi 3, mgonjwa akawa macho, mshono ukawa mkavu, na dawa haikutangulia sampuli, zungumza na daktari wa upasuaji wa ubongo kuhusu kuisimamisha. Mwenye shanti, omba maabara ivitunze vichupa siku 10, kwani Cutibacterium acnes, bakteria wa ngozi, huota polepole.

Katika barua ya rufaa andika tarehe na aina ya upasuaji, alama za Glasgow za jana na leo, dozi ya deksamethasoni, sukari zote mbili, saa ya sindano ya kwanza ya antibiotiki na saa sampuli zilipochotwa.