Namna ya Kukadiria Muda wa Safari ya Ndege kati ya Delhi na Tokyo

Anayetaka kujua safari ya ndege kutoka Delhi hadi Tokyo huchukua muda gani asitegemee saa za kwenye tiketi peke yake, kwa kuwa kila saa huandikwa kwa majira ya mji husika, na katika safari hii zinapotosha kweli.

Anza na umbali. Uzi ukivutwa juu ya tufe la dunia kutoka mji mmoja hadi mwingine huonyesha njia fupi kuliko zote, ambayo hapa ni kilomita 5,860 hivi. Rula kwenye ramani ya karatasi haitakupa njia hiyo. Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu huenda takribani kilomita 900 kwa saa. Gawanya, upate saa 6 na nusu, kisha ongeza nusu saa ya kupaa, kushuka na kutembea uwanjani.

Saa 7 hizo bado zina kasoro mbili. Kwanza, uzi wetu unapita juu ya Himalaya na uwanda wa juu wa Tibet, wenye mwinuko wa wastani unaozidi mita 4,500. Mgandamizo wa hewa ukipotea ndani ya ndege, rubani hulazimika kushuka upesi hadi mita 3,000 hivi, ambako abiria wanaweza kupumua bila vinyago vya oksijeni, na juu ya Tibet hapana nafasi ya kushuka kiasi hicho. Ndiyo maana ndege kwa kawaida huzunguka kusini, upande wa Myanmar, kabla ya kuingia anga ya China.

Kasoro ya pili ni upepo. Juu ya Japani, hasa wakati wa baridi, huvuma kutoka magharibi mkondo ambao mara nyingine huzidi kilomita 300 kwa saa. (Mjapani Wasaburo Ooishi aliupima kwa maputo miaka ya 1920, akachapisha matokeo kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa inayojulikana na wachache, na wanasayansi wa nje wakakosa habari zake.) Mkondo huo huisukuma ndege inayokwenda Tokyo na kuipinga inayorudi. Kadiria basi saa 7 na nusu hadi 8 kwenda, na saa 9 hadi 10 kurudi.

Sasa rudi kwenye tiketi. Tokyo iko mbele ya Delhi kwa saa 3 na dakika 30 mwaka mzima, maana India na Japani hazibadilishi saa kwa misimu. Ukiondoka Delhi 20:00, yaani saa 2 usiku, na kuruka saa 7 na nusu, utatua saa 1 asubuhi ya Tokyo. Kwenye tiketi itaonekana kana kwamba umesafiri kwa saa 11. Ukirudi kwa kuondoka saa 5 asubuhi na kuruka saa 9 na nusu, utafika Delhi saa 11 jioni, na tiketi itaonyesha saa 6 tu, ingawa hiyo ndiyo safari ndefu zaidi.